Filamu za Tolkien: tunagombania madogo na kuiacha sura iliyokatwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nichangie mjadala ambao haujapoa hapa Nairobi tangu filamu tatu za Peter Jackson, zilizotokana na riwaya ya J.R.R. Tolkien iitwayo The Lord of the Rings, zilipotoka kati ya mwaka 2001 na 2003. Mjadala huu husikika katika vibanda vya video, ndani ya matatu nyakati za msongamano, na hata kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, ambako nakala kuukuu za riwaya hiyo hupatikana zikiwa zimebanduka majalada. Waliosoma kitabu hudai filamu imekiharibu. Waliotazama filamu pekee huwajibu kwamba kitabu kinachosha. Wapo pia wengi, hasa vijana, waliokutana na hadithi hii kupitia kwa madijei wetu wanaosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na Sheng, ambao kwa kweli ni watunzi wa pili, maana humpa mhusika jina jipya na kumtia kinywani maneno ambayo Tolkien hakuwahi kuyawaza. Sioni ubaya wowote katika hilo. Kasoro ninayoiona ni kwamba pande zote tatu hugombania mambo madogo na kuliacha lililo kubwa.

Lalamiko linalotangulia siku zote ni kwamba Jackson alimwacha nje Tom Bombadil, yule mzee wa msituni mwenye kuimba, ambaye ile pete ya uovu inayoendesha hadithi yote haina nguvu juu yake. Alimwacha, na alifanya vyema. Sura zake zinapendeza zikisomwa polepole, lakini zikiondolewa hakuna uzi wa hadithi unaokatika. Lalamiko la pili linamhusu Arwen, mpenzi wa Aragorn mrithi wa ufalme, ambaye filamuni ndiye anayempakia farasi Frodo, hobiti (mmoja wa jamii ya watu wafupi) aliyebebeshwa pete akaiteketeze, na kumvusha mto huku wapandafarasi weusi wakimkimbiza, ilhali kitabuni farasi ni wa Glorfindel na Frodo huvuka akiwa peke yake. Hapa napo wenye kitabu wanapiga kelele bure, kwa kuwa Arwen wa kitabuni hasemi mengi, na mtazamaji asingeelewa Aragorn anampendea nini. Kuhusu Faramir, nahodha wa vita, nakubaliana nao zaidi: kitabuni ni mtu anayetamka kwamba hangeiokota pete hiyo hata angeikuta njiani, na kumfanya ampeleke Frodo mateka mpaka Osgiliath kabla busara haijamrudia ni kumpunguzia hadhi bila sababu ya kutosha. Ama lile swali la mbona wale tai wakubwa, wanaomwokoa Frodo na mwenzake mwishoni, hawakuwabeba tangu mwanzo, nakuomba, Mhariri, usilichapishe tena.

Wapenzi wa filamu nao wana msemo wao, kwamba kitabu ni kitabu na filamu ni filamu, na mara nyingi msemo huo hutumiwa kuyafunga mazungumzo. Ni kweli kwamba mwongozaji hawezi kuibeba riwaya ya zaidi ya kurasa 1,000 bila kuacha chochote. Tolkien mwenyewe alilijua hilo. Mwaka 1957 na 1958, alipoletewa mswada wa filamu ulioandikwa na Zimmerman, aliandika barua ambazo baada ya kifo chake zilichapishwa, na humo alieleza kwamba afadhali hadithi ikatwe sehemu nzimanzima kuliko kubanwa yote mpaka ivurugike. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kuuogopa mkasi. Hata hivyo, alipoupitia mswada huo kwa kina alilalamika kwamba mwandishi ameuondoa mwisho wa kitabu, pamoja na kifo halisi cha Saruman, mchawi msaliti, na akahoji kwamba, ikiwa mwisho wenyewe umeondolewa, kuna haja gani ya kumuua Saruman. Zaidi ya miaka 40 baadaye Jackson alifanya jambo lilo hilo: aliukata mwisho, na katika toleo refu la filamu ya tatu Saruman anachomwa kisu juu ya mnara wake na kuporomoka, mbali kabisa na mahali ambapo kitabu kilimpeleka kufia.

Mahali penyewe ni Shire, nyumbani kwa akina Frodo, na sura ninayoizungumzia ni ya nane katika kitabu cha sita, karibu na tamati. Pete imekwisha teketezwa, mfalme ametawazwa, na mahobiti wanne wanarudi kwao usiku, wamelowa na kuchoka. Wanakuta daraja limefungwa kwa malango yenye miiba. Katika nyumba ya walinzi wanakolazwa hakuna bia, chakula ni haba, na kila ukuta umebandikwa orodha ya amri. Pippin, mmoja wa wanne hao, anazibandua na kuzichana. Mazao yamechukuliwa na watu wanaojiita wakusanyaji na wagawaji, ambao, kama anavyolalamika hobiti mmoja, hukusanya zaidi ya wanavyogawa. Miti imekatwa na kuachwa chini. Mtaa alikoishi baba yake Sam, mwingine wa wanne hao, umegeuzwa machimbo ya mchanga na kokoto, na ule mti mkubwa wa karamu ya sura ya kwanza umeangushwa. Askari wanaokuja kuwakamata ni mahobiti wenzao, akiwemo mmoja anayejuana na Sam, ambaye anaeleza kwa aibu kwamba alijiunga na kazi hiyo kabla mambo hayajaharibika na sasa haruhusiwi kujiuzulu.

Wanne hao hawamsubiri mchawi mwema Gandalf wala mfalme. Wanapuliza pembe, wanawaamsha majirani, na katika mapigano ya Bywater wanakufa mahobiti 19 na majambazi karibu 70. Frodo hakuchomoa upanga siku hiyo. Kazi aliyojitwika ilikuwa kuwazuia wenzake, waliojaa hasira, wasiwaue walioweka silaha chini.

Msomaji wa Nairobi hana haja ya kuelezwa kinachouma hapo. Juzuu ya kwanza ya riwaya hii ilichapishwa London mwezi Julai 1954, miezi mitatu tu baada ya Operesheni Anvil, msako wa jeshi la Uingereza dhidi ya Mau Mau, ambapo maelfu kwa maelfu ya watu walizolewa katika mji huu huu na kupelekwa kizuizini. Miongoni mwa walioingia msituni katika miaka hiyo walikuwamo wanaume waliokuwa wamepigania Uingereza kule Burma wakiwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waafrika. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, alikuwa mmoja wao, naye alikamatwa Januari mwaka huohuo. Walikuwa wamerudi kutoka vita vya dunia wakakuta kipande, kile kitambulisho cha lazima kwa Waafrika, bado kipo na ardhi ingali mikononi mwa masetla. Na Hali ya Hatari ilipotangazwa, miongoni mwa waliotumwa kuwasaka walikuwamo majirani zao, mahomugadi, yaani walinzi Waafrika wa serikali ya kikoloni. Sisemi kwamba Tolkien alituandikia sisi. Aliitunga sura hiyo kabla ya hayo yote, na katika dibaji ya toleo la pili alikana hata kwamba ni picha ya Uingereza baada ya vita, akasema mizizi yake iko mbali zaidi, katika mandhari ya utotoni mwake yaliyokuwa yakiharibiwa kabla hajatimiza miaka 10. Lakini huyu ni mtu aliyepigana Somme mwaka 1916, na alifahamu kwamba kushinda ugenini na kuwa salama nyumbani ni mambo mawili tofauti. Kati ya kurasa zake zote, hizo ndizo ningempa Mkenya azisome kwanza.

Watetezi wa filamu wana jibu moja lenye nguvu, na sitaki kulificha. Filamuni mahobiti wanne wanairudia Shire iliyo nzima, wanaketi katika baa yao ya zamani, na wateja wote wanalishangilia boga kubwa ajabu lililobebwa na mwenzao. Hakuna anayewatupia jicho hao wanne. Wanatazamana, wanagonganisha vikombe vya bia, basi. Ni onyesho zuri, na aliyewahi kusimama Kenyatta Avenue penye sanamu ya askari na wapagazi, ambayo maandishi yake, ya Kiswahili yakiwemo, yanaahidi kwamba wana watalikumbuka jina la aliyekufa vitani, kisha akawaona wapita njia wakiendelea na hamsini zao, ataelewa boga lile linasema nini. Hata hivyo, hiyo ni nusu ya ukweli. Filamuni vita viliwagusa waliokwenda tu. Kitabuni uovu ulikuwa na wakala kijijini, hobiti mwenye jina na ukoo wake, Lotho, aliyeanza kujilimbikizia mashamba na viwanda kabla wakubwa wa nje hawajafika kumtumia na hatimaye kummaliza. Ukimwondoa huyo, unabaki na hadithi ambamo ubaya wote hutoka nchi ya mbali na huisha siku mnara wa adui unapoanguka. Tena filamu ya kwanza ilikwisha kutuonyesha, katika kioo cha maji cha Galadriel, malkia wa msituni, Shire ikiungua na watu wake wakiswagwa kwa minyororo. Mtazamaji aliahidiwa jambo, halikuletwa.

Naambiwa kwamba mtu aliyekwisha kaa saa tatu na dakika 20 hawezi kuongezewa mapigano mengine baada ya mlima wa moto, ilikoteketezwa pete, kulipuka. Filamu hiyo ya tatu ilinyakua tuzo 11 za Oscar, yaani kila tuzo iliyowania, na bado wapo waliolalamika kwamba ina miisho mingi mno. Lakini BBC ilipoiigiza riwaya hii redioni mwaka 1981, katika vipindi 26 vya nusu saa, ilimwondoa Bombadil na kuibakiza sura ya Shire, na sijasikia kwamba wasikilizaji walisinzia. Ian Holm, aliyekuwa Frodo katika mchezo huo wa redio, ndiye ambaye Jackson alimpa nafasi ya mzee Bilbo miaka 20 baadaye, kwa hiyo mfano ulikuwa karibu. Wala Jackson si mtu anayebanwa na nafasi. Kati ya 2012 na 2014 alikinyosha The Hobbit, kitabu cha watoto cha mwaka 1937 kisichofika theluthi ya urefu wa riwaya kubwa, kikawa filamu tatu, akamwingiza na mpiganaji wa kike aitwaye Tauriel ambaye kitabuni hayumo.

Kwa anayeshikilia kwamba dakika za kutosha hazikuwapo, nitamtajia mahali pa kuzipata, palepale katika filamu ya tatu. Kitabuni jeshi la wafu, mizimu inayomfuata Aragorn, huishia bandari ya Pelargir: linawatisha maharamia, meli zinatekwa, na Aragorn analiachilia likapumzike. Wanaoshuka kutoka katika meli hizo mbele ya Minas Tirith, mji mkuu uliozingirwa, ni watu hai wa mikoa ya kusini, wenye damu ya kumwagika, na baadhi yao wanakufa hapo. Filamuni wafu ndio wanaofika, wanalifagia jeshi zima la adui na kupanda mpaka ndani ya mji, na waliopigana tangu alfajiri wanageuka watazamaji wa ushindi wao wenyewe. Mimi mkasi ningeuanzia hapo.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu wa fasihi,
Buruburu, Nairobi