Nafula, nitumie zile chati

Kangemi, Nairobi

Mpendwa Nafula,

Salamu nyingi. Hapa hatujambo, mvua tu ndiyo imetuchosha, na Mama Shiru anasema ukija tena bila omena usipite kwake. Mengine tutaongea kwa simu.

Nimekabidhiwa Klabu ya 4K, ile ya kilimo ya wanafunzi (Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya). Cheka tu. Tangu klabu hizi zifufuliwe 2021, yetu ilikuwa jina ubaoni. Sasa mwalimu mkuu kakumbuka kwamba mimi ndiye wa Kilimo na Lishe, Gredi ya 5. Kuungana tumeungana, kufanya tunafanya, hiyo Kusaidia Kenya itangoja kidogo. Shamba lenyewe ni ule ukanda wa changarawe kati ya vyoo na ukuta, pale Otieno alipokuwa akiegesha pikipiki.

Shida si mbegu. Managu na terere ninazo, na magunia wazazi wameleta mpaka nikawaambia basi. Shida ni vya kufundishia. Kila kitabu nikifunua ni ekari na trekta. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walitoa mwongozo wa bustani za shule 2005, wa bure na mzuri kweli, lakini ni wa mwalimu kusoma, si wa mtoto kutazama, na kuuchapisha wote pale saiba ni hela ya unga.

Ninachotaka ni chati zako za chuo. Ile ya bustani ya gunia hasa: kopo lisilo na kitako katikati, kokoto ndani, udongo na samadi pembeni, kisha kopo linavutwa juu kadiri gunia linavyojaa, mpaka ubaki mnara wa mawe wa kupitishia maji. Nimeeleza kwa mdomo hadi koo likakauka. Kundi moja bado wamejaza udongo mtupu. Maji yanatuama juu, sukuma za ubavuni zinanyauka.

Na ile ya mizizi ya kunde! Juzi Brayo kang'oa mche, akauliza kama zile chunusi za mizizini ni ugonjwa. Nikapasua kifundo kimoja kwa ukucha, ndani chekundu, nikawaambia humo mna bakteria wanaoukamatia mmea nitrojeni ya hewani. Wakanyamaza. Kisha wakang'oa kunde zote ili wahakikishe. Mchoro ungeniokolea tuta zima, Nafula. Halafu huyo Brayo, usiniulize ni wa nani, ukimwona tu utajua.

Sasa niambie, bado unazo, au zilibaki kwa yule wa Mumias? Ukizipiga picha zitasomeka, au wino umefifia? Huko kwenu mboji mnaifundisha kabla ya udongo au baada? Alama za mradi unazitoaje, kwa kundi au kwa kila mtoto, maana kuna wanaobeba maji na kuna wanaobeba maneno? Na uhamisho wako je, umejibiwa?

Nijibu kabla ya Ijumaa, klabu hukutana mchana.

Wako,
Achieng