Mlimani usiwe mgeni

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima. Masika yameingia, bati la jikoni linavuja pale pale pa mwaka jana, na bibi yako anakusalimu. Ujumbe wako umefika, kwamba viza imetoka na wenzako wa Glasgow wamepanga mpande Ben Nevis, ule mlima mrefu wa Uskochi, mwezi wa tano. Nilisoma kwa furaha mpaka nikafika pale ulipoandika: "Mama, usiwe na wasiwasi, ni mita 1,345 tu, Lushoto sokoni pako juu zaidi." Nikaiweka simu mezani.

Ni kweli, baba. Lushoto mjini panakaribia mita 1,400, na kina mama wanapanda kila siku kutoka Mombo na vikapu vyao. Lakini wanapanda kwa basi. Kule mnaanzia usawa wa bahari. Fort William umekaa kando ya mkono wa bahari kama sisi tulivyokaa kwenye ghuba yetu, na njia inaanzia bondeni, kwenye mita 20 hivi. Karibu mita zote hizo ni za magoti yako. Na Lushoto iko nyuzi tano tu kusini mwa ikweta, Ben Nevis iko karibu nyuzi 57 kaskazini. Zamani waliishi watu pale kileleni, katika kituo cha kupima hali ya hewa kilichofanya kazi kuanzia 1883 hadi 1904. Njia mtakayopita ilichongwa kwa ajili ya farasi wadogo waliowapelekea vyakula na mahitaji mengine. Vipimo vyao vilionyesha kwamba wastani wa joto la mwaka mzima pale juu uko chini kidogo ya sifuri. Mwezi wa tano, sisi tukiwa tunakimbiza nguo kutoka kwenye kamba kwa ajili ya mvua, uwanda wa kule juu bado una theluji, na njia hulala chini yake isionekane.

Sikukatazi kwenda. Ila kuna jambo sijapata kulisema nyumbani humu, na sasa nimeona nikuandikie.

Unakumbuka nilipokwenda Uskochi kuwatembelea wale wauguzi wenzangu wawili niliofanya nao kazi Muheza kabla hujazaliwa? Ulikuwa darasa la tano. Niliporudi niliwaambia kwamba tulipanda nusu ya mlima huo huo wa Ben Nevis, mvua ikaturudisha. Mvua ilikuwepo, lakini siyo iliyoturudisha. Nilikuwa mimi.

Wenyeji wangu walinipokea vizuri mno. Mmoja aliomba likizo kazini kwa ajili yangu. Walinitafutia buti za kuazima, koti la mvua, soksi za sufu. Usiku wa kuamkia safari tulikaa mezani na ramani, na mwenyeji wangu akaniambia kwamba akiwa kileleni na ukungu umefunga, hashuki kwa macho, anashuka kwa dira: kwanza anafuata nyuzi 231, zinavyopimwa kwenye ramani, kwa mita 150, kisha anageuka nyuzi 282. Akayarudia mara tatu kama mtoto wa madrasa anavyorudia sura. Upande mmoja pale juu kuna ukuta wa mwamba unaoshuka mamia ya mita, upande wa pili kuna makorongo ambayo yamewapoteza wengi waliodhani wanarudi njiani. Wenzako waulize kama wanazijua hizo nyuzi. Waulize kwa adabu, lakini waulize.

Asubuhi nilivaa fulana ya pamba, na juu yake nikajifunga khanga chini ya koti, kwa sababu nilizoea kwamba khanga ndiyo joto. Sikumwambia mtu. Tulipofika kwenye kile kiziwa kidogo kilicho kwenye mita 570 hivi, fulana na khanga vilikuwa chapachapa kwa jasho. Pamba ikilowa haikauki upesi, inakunyonya joto. Mimi muuguzi, hilo nilikuwa nalijua. Buti ya kushoto ilikuwa inanibana tangu dakika ya ishirini. Mwenzangu akageuka akaniuliza, uko salama? Nikasema, mzima, twende.

Baada ya hapo njia inakata mlima kwa mizunguko, kama ile kona za kupandia Soni, ila chini ni mawe matupu. Tukaingia ndani ya wingu. Upepo ukaanza. Akaniuliza tena. Nikasema mzima. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, nikavificha kwapani nikijifanya nashika mikanda ya mkoba. Nilikuwa nafikiria likizo aliyoomba yule mwenzangu. Nilikuwa nafikiria jinsi nitakavyoonekana, mgeni aliyekuja kutoka mbali, akabebewa mkoba wa chakula, halafu aseme hawezi.

Kwenye theluji ya kwanza glavu yangu ilinitoka, upepo ukaichukua. Niliitazama inakwenda, mwanangu, wala moyo wangu haukushtuka. Nikikumbuka leo, ndicho kitu kinachonitisha kuliko vyote: kwamba sikujali. Mwenzangu akanipa chupa ya chai, nikashindwa kufungua kifuniko. Akaniuliza swali la tatu. Nikamjibu, naye akasimama akanitazama usoni. Baadaye ndipo aliponiambia kwamba nilimjibu kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kilikuwa kinaburuta kama cha mtu mlevi.

Wodini nimeshapokea wavuvi waliolala baharini, na mapacha njiti waliopoa wakiwa njiani kuletwa hospitali. Dalili nazijua kama ninavyojua jina langu. Vidole havitii, ulimi unakuwa mzito, mtu anajikwaa, anakuwa mkimya au mkaidi. Kutetemeka ni mwili unajipigania, ila kukikoma na mtu angali kwenye baridi, hiyo si nafuu, hapo pana hatari kubwa. Yote hayo niliyajua na hayakunifaa kitu, kwa sababu akili yenyewe inayotakiwa kuyatambua ndiyo ya kwanza kupoa. Hii ndiyo sababu mtu hapimi baridi yake mwenyewe. Anapimwa na mwenzake, na mwenzake hawezi kukupima kama unamdanganya.

Hawakubishana. Walinivua pamba palepale nyuma ya jiwe, wakanivika sweta la sufu la mmoja wao, wakanitia kwenye mfuko wa plastiki wa dharura, wakaninywesha chai ya sukari kidogo kidogo, na nilipoweza kusimama tukaanza kushuka. Kilele hatukukiona. Nilianza kutetemeka tena tulipokaribia kile kiziwa, na yule mwenzangu akasema alhamdulillahi. Alijifunza neno hilo Muheza.

Usiku, jikoni kwake, alilia. Akaniuliza kwa nini sikusema, naye ameniuliza mara tatu. Nikamwambia, nilikuwa mgeni wako.

Na wewe, baba, mgeni huyo nimemlea mimi. Ni mimi niliyekufundisha kwamba ugenini ukiulizwa umeshiba unasema nimeshiba, kitanda kikikuchoma unasema nimelala vizuri, na chumvi ikizidi unasifu mkono wa mpishi. Nilikufinya paja kwa shangazi yako Pangani siku ile uliposema chai imepoa. Ni malezi mazuri na sijutii. Kaa nayo mezani kwao, kaa nayo mbele ya wazazi wao. Lakini mkishavuka geti la bondeni na kuanza kupanda, yavue. Kiatu kikibana, sema dakika hiyo hiyo, kabla hakijawa lengelenge. Ukisikia baridi, sema. Ukichoka kuliko wao, na utachoka, kwa sababu wao wamekulia kwenye vilima hivyo na wewe umekulia Raskazone pwani, sema. Wakikuuliza uko salama, usijibu mzima kwa mazoea kama tunavyojibu hodi. Nyamaza kwanza, jaribu vidole, kisha ujibu.

Kabla hamjaondoka nyumbani, patana nao saa ya kugeuka. Kupanda huchukua saa tatu hadi nne au zaidi, kushuka mbili hadi tatu, na magoti huumia zaidi kwenye kushuka. Saa hiyo ikifika mgeuke hata kama kilele mnakiona. Na wewe uwe na ruhusa ya kuitaja saa hiyo. Ukiona aibu, weka lawama kwangu: waambie mama yangu ni muuguzi mkali, ameniapisha. Hilo si uongo.

Nguo ya pamba usivae hata soksi. Mambo yakiharibika, namba ni 999, unaomba polisi, kisha unawaambia unahitaji waokoaji wa mlimani. Wale ni watu wa kujitolea na hawadai hata senti, kwa hiyo usije ukaogopa gharama ukakaa kimya. Filimbi ni mipulizo sita, unangoja dakika, unarudia.

Binamu yako anakuja huko kwako Dar Jumamosi. Nimempa glavu jozi mbili, maana moja inaweza kwenda na upepo, na fulana ya sufu niliyorudi nayo mwaka ule. Ni yangu, lakini bega lako na langu ni moja. Majani ya chai ya Amani ni ya wenyeji wako, pakiti nne, na khanga doti moja ni ya mama mwenye nyumba. Hiyo khanga wewe usiivae.

Siku mtakayopanda nitumie ujumbe kabla hamjaanza na mkishafika chini. Sisi tuko mbele yenu saa mbili. Mkishuka saa kumi na mbili jioni, huku ni saa mbili usiku, nitakuwa nimeshasali isha na nimekaa barazani na simu mkononi. Ukiniambia mligeuka kwenye kiziwa, nitauliza buti zilikuwaje na mlikula nini.

Mama yako