Usitume hizo pesa bado

Lamu, Mkomani
Jumapili usiku

Swahibu yangu,

Assalaamu alaikum. Barua yako ilinifikia Alhamisi kwa mkono wa yule kijana wa basi, nikaisoma mara mbili palepale Mkunguni kabla sijafika nyumbani. Alhamdulillahi sanduku la santuri za marehemu baba yako limepatikana zima. Na nimefurahi zaidi kwamba wataka zisikike, si kukaa kabatini tu. Lakini zile dola 500 unazotaka kumtumia mpwa wako aliyeko Marekani, akununulie amplifaya mpya na mashine ya santuri, nakuomba uzizuie kwanza.

Najua hesabu uliyoifanya. Dola 500 ni kama shilingi 65,000, na duka la Mombasa limekutajia 98,000 kwa vitu vya namna hiyohiyo. Tofauti ni kubwa, nawe una watoto wa kusomesha. Ila usidhani mwenye duka amekukata shingo. Mzigo ukishuka bandarini hulipiwa ushuru, kisha VAT ya asilimia 16 hupigwa juu ya thamani pamoja na ule ushuru wenyewe, na bado yeye ana kodi ya duka na waranti anayokupa. Kitu cha mpwa wako kikiharibika utamrudishia nani?

Sasa sikiliza yaliyonipata mimi, maana sikuwahi kukusimulia yote. Stima ya Marekani ni volti 120 na hezi 60, yaani mapigo 60 kwa sekunde. Yetu ni volti 240 na hezi 50. Nilipoletewa mashine yangu kutoka hukohuko, habari ya volti nilikuwa naijua, nikanunua transfoma ya kushusha stima kwa shilingi 8,500. Usiku ule tulikaa mimi na mama watoto kusikiliza. Sauti ikatoka nzito, ya kuburura. Mwimbaji mwanamke akasikika kama mwanamume aliyeamshwa usingizini. Nikadhani mpira umelegea, nikaagiza mwingine. Nikatia mafuta kwenye ekseli. Miezi miwili ikapita vivyo hivyo, nami naona uchungu kila nikiipita ile mashine, mpaka fundi mmoja wa Mombasa akanieleza kwa simu: transfoma hugeuza volti, hezi haizigusi. Mota ya mashine ile ilikuwa ya kufuata mapigo ya stima, na mapigo yetu ni 50 badala ya 60. Santuri iliyotakiwa kuzunguka mara 33 na thuluthi kwa dakika ilikuwa yazunguka karibu mara 28. Dawa yake ilikuwa puli nyingine ya mota, iliyochongwa kwa hezi 50, na kuipata kulinigharimu pesa na muda kuliko nilivyotazamia. Juu ya hayo transfoma yenyewe ilikuwa yavuma, na mvumo wake ukaingia kwenye waya za sindano hadi nikaihamishia pembe ya pili ya chumba.

Si mashine zote ziko hivyo. Nyingi za siku hizi zina mota ndogo inayotumia adapta kama ya simu, na hiyo haijali hezi. Basi mwambie mpwa wako apige picha kibandiko cha nyuma cha kila kitu. Kikiwa kimeandikwa 100–240V, 50/60Hz, hapana neno. Kikiwa ni 120V, 60Hz peke yake, akiache dukani hata kama bei ni ya bure.

Na hata hilo kwangu silo kubwa. Kubwa ni santuri zenyewe. Umeniandikia kwamba nyingine ni nzito, zavunjika kama sahani, na kila upande una wimbo mmoja mfupi. Hizo ni za mizunguko 78, ndugu yangu. Ni za zama zilezile ambazo Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodiwa, mwaka 1928. Mashine nyingi mpya zina mwendo wa 33 na 45 tu, 78 hamna. Na hata ukiipata yenye 78, sindano iliyokuja nayo haifai. Mfereji wa santuri za zamani ni mpana. Ncha ya sindano yake huwa kiasi cha mara nne ya ile ya santuri za kawaida. Ukiweka nyembamba, inazama hadi chini kabisa mwa mfereji, penye vumbi la miaka yote, na utakachosikia ni mchakacho. Kwa hiyo muulize muuzaji mambo mawili kabla ya bei: ina 78? na kichwa chake kinakubali kubadilishwa sindano? Akijibu hapana kwa moja tu, ile mashine si ya sanduku la baba yako.

Kuhusu amplifaya: ile uliyoitaja ina Bluetooth na tundu la kuunganisha televisheni, lakini katika maelezo uliyoninukulia sikuona neno fono, yaani tundu la kuchomekea sindano ya santuri. Kichwa cha sindano cha kawaida hutoa kama milivolti 5. Mashine ya sidii hutoa volti 2, yaani mara mia nne zaidi. Ukichomeka sindano kwenye tundu la sidii utasikia sauti nyembamba ya mbu, besi hakuna. Utahitaji kikuzaji cha fono, na hiyo ni bei nyingine ambayo hukuitia katika hesabu. Mashine nyingine za santuri zinacho ndani. Hizo zichomeke tundu la kawaida, usizipitishe tena kwenye fono, zitapasua sauti.

Halafu wataka kufunga spika mbili ukumbini na mbili barazani, zote za omu 8, kile kipimo cha ukinzani wa stima. Zikifungwa mbili mbili sambamba kwa kila upande wa amplifaya, yenyewe inaona omu 4. Nayo imeandikwa omu 6 hadi 16. Itaimba, naam, lakini kwa joto la hapo kwako Malindi na wageni wa harusi wakitaka sauti juu, itachemka na kujizima, au iungue. Wala usivutwe na wati 100. Wati 100 juu ya wati 50 ni nyongeza ya desibeli 3 tu, kipimo cha ukubwa wa sauti, na sikio lako litaona ni kidogo. Spika yenye desibeli 90 kwa wati moja itakufaa kuliko wati 50 za ziada ukiwa na spika ya 84.

Waya usinunue za bei. Shaba tupu, nene kiasi cha milimita mraba 2.5, zinatosha. Kwaruza ncha kwa kisu kabla ya kulipa. Ikitokea nyeupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na hewa yetu ya chumvi haitaipa mwaka. Hata plagi zangu nzuri hufanya kutu ya kijani, kila mwezi nazifuta kwa pamba na spiriti.

Ulinisifia sauti ya kwangu ulipokuja, ukadhani ni amplifaya. Nakwambia kweli, nusu yake ni chumba. Nyumba zetu hizi ni nyembamba kwa sababu upana hufuata urefu wa boriti, na ule ukuta wa madaka, vile vijishimo vya kuwekea vyombo, wafanya kazi nzuri mno: sauti ikiupiga inatawanyika, hairudi kama kofi. Nilichoongeza mimi ni zulia, na kuzivuta spika mbali na pembe ili besi isivume. Wewe una kuta laini za simiti. Anza na zulia na mapazia mazito, hayo unayo tayari.

Kisha yule jirani yako Muitaliano anayerudi kwao, uliyemtaja kwa mstari mmoja tu kama kitu kisicho na maana. Amplifaya yake anayoiuza kwa 45,000 ndiyo inayonikosesha usingizi. Italia ni volti 230, hezi 50. Ukibadilisha plagi tu, umemaliza. Na amplifaya za zamani za aina hiyo mara nyingi zina fono. Nenda kesho na tochi, soma nyuma yake, uniandikie kila neno: matundu, omu, volti. Mwombe aiwashe saa nzima, uguse mgongo wake uone joto, uzungushe kitasa cha sauti usikie kama chakwaruza.

Mimi nina sindano ya akiba ya 78, na mashine yangu yaweza kupakiwa. Ijumaa baada ya sala nikivuka kwenda bara pale Mokowe, usiku niko kwako. Tuifunge kwenye hiyo ya Muitaliano kabla hujatoa hata shilingi. Santuri ya kwanza aichague mama, yeye ndiye anayezijua. Nisalimie yeye sana, na watoto wote.

Nduguyo,
wa Mkomani