Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: Udongo wetu upimwe kabla ya magunia ya mbolea kufika

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Murang'a. Mimi ni mkulima mdogo wa chai, mmoja wa wale wanaochukua mbolea kwa mkopo na kukatwa pesa zake kwenye malipo ya majani.

Tunachopewa ni NPK 26:5:5, mbolea ambayo asilimia 26 yake ni nitrojeni. Gunia la kilo 50 lina kilo 13 za nitrojeni. Tunagawiwa kwa hesabu ya michai, na hakuna anayeuliza udongo wa nani umechoka na wa nani bado una nguvu.

Chai hupenda udongo wenye uchachu (asidi), lakini nitrojeni ya amonia huzidisha uchachu huo mwaka hadi mwaka, mpaka mizizi inashindwa kupata chakula kilichomo ardhini. Mkulima akiona mavuno yameshuka, huongeza gunia. Wala majani hayawi bora kwa hilo. Utafiti uliofanywa Kericho umeonyesha kuwa nitrojeni ikipita kiasi, chai hupoteza mng'aro na ukali wake kikombeni.

Sisemi mbolea ya dukani iachwe ghafla. Atakayefanya hivyo atachuma majani machache, tena ya manjano. Nasema ipunguzwe kwa kipimo, huku ardhi ikirudishiwa chake.

Tazama tunavyopogoa. Kila baada ya miaka mitatu au minne tunakata michai, na matawi yote hubebwa nyumbani kuwa kuni. Shamba hubaki wazi, masika yakaja kuzoa udongo wa juu hadi mtoni. Matawi hayo yangeachwa katikati ya mistari, yangeoza na kurudisha nitrojeni na potasiamu. Lakini huwezi kumwambia mama aache kuni bila kumpa mbadala: apewe miche ya miti ya kuni na jiko lisilokula sana. Samadi iliyooza vizuri pia inafaa. Majivu hapana, yanaondoa uchachu ambao chai inauhitaji. Hayo yaende kwenye sukuma wiki.

Naomba sehemu ya ruzuku ya mbolea igharamie kupima udongo kwenye vituo tunakopeleka majani. Kila mkulima apate majibu yake kabla ya kuagiza, na aruhusiwe kuchukua magunia pungufu. Anayechuma majani mawili na chipukizi alipwe zaidi ya aliyejaza kikapu majani magumu. Leo kilo ni kilo. Mashamba yanayosubiri kupogolewa ndiyo yaanze kupimwa.

Wako,
Mkulima mdogo wa chai, Murang'a