Jina la baba yako mkubwa limepatikana

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limekupa nafuu na kwamba unalala usingizi sasa. Sisi huku ni wazima.

Nianze na lile unalolingoja: nimempata. Nilikuwa maktabani, imebaki nusu saa wafunge. Nikausoma mstari ule mara nne, nikaandika namba yake ya jeshi kwenye kiganja kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka na sikuona karatasi yangu ilipo. Nilitaka kukupigia saa ile ile, nikajizuia. Haya ni ya kuandikwa, ili wajukuu nao wayakute.

Marehemu babu alikuwa akisema kaka yake alipanda meli Mombasa, bahari ikammeza. Basi, hayo tu. Meli yenyewe iliitwa Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa mapema Februari 1944 kuelekea Colombo, katika msafara wa meli tano zilizobeba wanajeshi, na ndani yake mlikuwa na watu zaidi ya 1,500. Wengi walikuwa vijana wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Wengine mabaharia, na wauguzi wanawake. Jumamosi tarehe 12, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Wajapani iliipiga kwa makombora mawili. Ilizama kwa kama dakika mbili. Waliookolewa ni mia mbili na ushei. Waliokufa ni karibu 1,300.

Kuna jambo nililojiuliza siku mbili kama nikuandikie au nilimeze. Nimeona una haki ya kulijua. Baada ya meli kuzama, nyambizi ile ilijificha chini ya maji pale pale walipokuwa wakielea manusura. Manowari za Kiingereza zilizokuwa zikilinda msafara ziliangusha mabomu ya kuiwinda, na wale watu walikuwa majini bado. Nyambizi nayo ilizamishwa mwishowe. Sijui baba yako mkubwa alifia ndani ya meli au nje, na hakuna karatasi itakayotuambia. Mimi huomba iwe alikwenda na meli.

Sasa uniache nikueleze nilivyompata, maana najua mlianza kuchangishana nyumbani. Nakuomba hizo pesa zisitumwe huku. Yule mtafutaji wa kulipwa, aliyetaka malipo ya awali kabla hata hajauliza kaka yake babu alikuwa kikosi gani, nimemkataa. Mwanzoni mimi mwenyewe niliumia: tovuti moja ya kulipia, ya kumbukumbu za koo, ilinipa majaribio ya bure, siku zikapita, wakakata ada ya mwaka mzima kwenye kadi yangu. Baadaye ndipo nikagundua kwamba maktaba nyingi za umma hapa Uingereza zimeshalipia tovuti za aina hiyo. Unaingia, unakaa kwenye kompyuta yao, unatafuta bila kutoa hata senti. FamilySearch, tovuti nyingine ya kumbukumbu za koo, nayo ni bure kwa kila mtu, ukiwa huko au huku.

Makavazi ya taifa ya Uingereza yako Kew, magharibi mwa London. Kuingia ni bure na kadi ya msomaji ni bure, ukipeleka vitambulisho viwili. Niliagiza faili kwenye katalogi yao nikiwa nyumbani, ili nauli iwe ya safari moja. Kalamu ya wino hairuhusiwi, ni penseli tu. Kurasa unazipiga picha kwa simu yako bila malipo, na mimi nilizipiga zote, hata zile nisizozielewa. Karatasi ni nyembamba kama ganda la kitunguu, zimepigwa taipu, na herufi zimetoboa upande wa pili. Nilikuta habari za meli, za kikosi, na majina ya maofisa. Jina lake halikuwamo. Nilirudi na treni moyo umepondeka.

Shangazi, miezi tisa nilitafuta kwa jina la ukoo tunalotumia leo. Niligeuza R kuwa L, nikaondoa H, nikaandika kama Mwingereza angelisikia akaliandika anavyojua. Wapi! Halafu Jumapili ile kwenye simu, ukiwa unasimulia mambo ya mbuzi wala si ya vita, ukasema, "Huyo si alijiandikisha kwa jina la babu yake, wasimtambue nyumbani?" Ulilipitia tu ukaendelea na mbuzi wako. Mimi nilisimama.

Kesho yake niliandika jina hilo kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo yeyote anaweza kuitazama bure kwenye intaneti. Akatokea. Mpiga mzinga, kikosi ni kile, tarehe ni ile ile ya 12 Februari 1944, na jina la baba yake ndilo ulilonitajia wewe. Hayo manne yakikaa pamoja, sina shaka tena.

Nimejaribu pia kumtafuta yule mwingine wa ukoo wetu, aliyechukuliwa upagazi vita vya Mjerumani, vile vya kwanza vya dunia, asirudi. Huyo sitakudanganya. Mwaka 2021 tume hiyo hiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, na pengine hadi 350,000, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, na wapagazi wa Afrika Mashariki ni wengi miongoni mwao. Walioandika jina la kila askari wa kwao waliwaacha hawa, nami nimelisoma hilo kwa uchungu. Huyo amebaki kinywani mwako tu. Ndiyo maana nataka binamu akae nawe na simu arekodi: majina yote, ya utani na ya ubatizo, nani alizaliwa mwaka wa njaa gani, nani alikimbia kwao na kwa nini. Usichuje. Hata ya mbuzi yamo.

Na lililonitoa machozi ni hili. Askari wa kikosi chake waliozama na meli ile hawana kaburi, kwa hiyo majina yao yaliandikwa kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya wanajeshi ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Babu alikuja Nairobi mara ngapi? Alipita na basi barabara hiyo, na jina la kaka yake liko pale.

Basi ule mchango uwe nauli yenu. Nendeni asubuhi, kabla jua halijawa kali. Jina na namba nimewaandikia kwa herufi kubwa kwenye karatasi nyingine humu ndani ya bahasha; litafuteni chini ya kikosi cha mizinga, si chini ya jina letu. Mkilipata, binamu alipige picha kwa karibu, wewe uwe umesimama kando yake. Kisha mnitumie siku hiyo hiyo, hata iwe usiku.

Mwanao,
wa huku mbali