Barua ya wazi kwa Kamishna wa Afya wa Umoja wa Afrika: wahudumu wa uraibu wapewe ajira, vyeti vya semina havitoshi

Kwa Mheshimiwa Kamishna wa Afya, Misaada ya Kibinadamu na Maendeleo ya Jamii,
Kamisheni ya Umoja wa Afrika,
Addis Ababa.

Mheshimiwa Kamishna,

Salamu na heshima. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa tangu Februari 2022 ni lugha ya kazi ya Umoja wetu, na ndiyo lugha ya watu ninaowasemea. Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Kazi yangu ni kukaa na waraibu wa heroini na pombe pamoja na familia zao. Mikakati ya kupambana na dawa za kulevya bara hili inayo ya kutosha. Kinachotuangusha ni kwamba watu waliosomea kuzuia na kutibu uraibu, wakaajiriwa kwa kazi hiyohiyo, ni wachache mno. Naomba mpango wa Umoja wa kudhibiti dawa za kulevya utakaofuata ule ulioanza 2019 uanzie hapo.

Niruhusu nikupeleke kwenye dirisha la methadoni, dawa anayopewa mraibu wa heroini kila siku ili aweze kuiacha, asubuhi, foleni ikiwa imeshafika getini. Muuguzi anapima dawa ya maji, mteja anaimeza mbele yake, anashushia maji kisha anatamka neno moja au mawili ili ijulikane kwamba haikubaki mdomoni. Anayepita njia ataona ni kugawa dawa tu. Lakini kabla ya kupima, muuguzi ameshaangalia kwenye daftari kama mtu huyu alikuja jana na juzi. Kama amekosa siku tatu au nne mfululizo, mwili umeanza kuisahau dawa, na dozi ileile aliyoihimili vizuri wiki iliyopita inaweza kumkata pumzi usiku akiwa usingizini. Kisha anamtazama usoni. Anasinzia? Ananuka pombe? Amemeza vidonge vya usingizi? Akiona dalili hizo dozi inasimama, daktari anaitwa, na mimi naitwa niulize: ulilala wapi, ulikamatwa, nani kakufukuza nyumbani? Uamuzi wa dakika moja hivi unahitaji mtu aliyefunzwa vizuri, akasimamiwa na mwenye uzoefu, akaachwa kwenye kazi hiyo miaka kadhaa. Semina ya siku tano haimfikishi hapo.

Na uwezo tunao. Shirika la Afya Duniani liliingiza methadoni kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, na mwaka uliofuata Mauritius ikaanza kuitoa. Muhimbili ilifungua kliniki yake Februari 2011. Nairobi na Dakar zilifuata mwishoni mwa 2014, Zanzibar 2015, Butabika kule Uganda 2020. Wapo watu ambao leo wana kazi na wanalea watoto kwa sababu ya kliniki hizo, na mimi nawafahamu kwa sura. Hata hivyo nchi nyingi wanachama wa Umoja hazina hata kliniki moja ya namna hiyo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilikadiria kwamba watu milioni 64 duniani walikuwa na matatizo ya matumizi ya dawa za kulevya mwaka 2022, na katika kila 11 ni mmoja tu aliyepata matibabu.

Heroini, tena, ni sehemu tu ya tatizo. Utafiti wa kitaifa wa Nigeria wa 2018 ulikuta watu milioni 14.3 waliotumia dawa za kulevya katika mwaka mmoja, mamilioni kati yao wakitumia dawa za maumivu kama tramadoli na dawa za kikohozi zenye kodeini, vitu vilivyokuwa vikiuzwa kwenye maduka ya dawa. Mwaka 2024 Liberia ilitangaza matumizi ya dawa za kulevya kuwa dharura, na Sierra Leone ikatangaza hivyo kuhusu kush, dawa ya kulevya inayovutwa kama sigara. Rais wa Sierra Leone alifanya vema kutangaza, lakini nchi yake ina hospitali moja tu ya magonjwa ya akili, ile ya Kissy mjini Freetown. Ukishatangaza dharura, nani anayempokea kijana aliyebebwa na mama yake kutoka barazani akiwa amevimba miguu na haongei? Daktari wa aina hiyo haagizwi kwa meli. Anasomeshwa miaka mingi kabla ya dharura.

Pasipo na mtaalamu, familia haikai bure, Mheshimiwa. Inampeleka mtoto wake popote panapoahidi kumnyoosha. Septemba 2019 huko Kaduna, Nigeria, polisi waliwatoa zaidi ya wanaume na wavulana 300 kwenye jengo moja lililojiita mahali pa kurekebishia tabia. Wengine walikuwa na minyororo miguuni, na baadhi walikuwa wamepelekwa pale na wazazi wao kwa sababu ya madawa. Siwalaumu wazazi hao. Nimekaa na wengi wa namna yao na najua mtu anavyofikia kuamini kwamba mnyororo ni upendo.

Hata soba hausi zetu za pwani, yaani nyumba wanakokaa waraibu ili waache, ninazoziheshimu kwa moyo wote kwa kuwa zimeendeshwa na watu waliopona wenyewe na zimeokoa wengi kabla serikali haijaamka, zinahitaji msaada huu. Arosto ya unga, yaani maumivu ya kukatiwa heroini, inatesa vibaya sana, ila mara nyingi mtu huivuka akiwa hai. Hatari yake huja baadaye, akirudi mtaani na kujidunga kiasi alichokizoea zamani. Pombe ni kinyume. Mlevi wa miaka mingi akifungiwa chumbani na kunyimwa ghafla, mikono inaanza kutetemeka ndani ya saa chache. Kesho yake anaweza kupata degedege, na siku ya pili au ya tatu anaona watu wasiokuwepo, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio. Huyo anaweza kufa. Kinachomwokoa ni diazepamu iliyopangwa kwa saa, vitamini B1, maji, na mtu anayejua ni wakati gani wa kukimbilia hospitali. Maombi yaendelee, mimi mwenyewe huomba, lakini diazepamu iwepo. Kila nyumba ya namna hii ingekuwa na mtu mmoja tu aliyefunzwa mambo haya, tungezika watu wachache zaidi.

Kwenye kinga tunapoteza fedha hadharani. Wanafunzi wanakusanywa uwanjani, afisa anawatisha kwa picha za maiti, aliyekuwa mraibu anasimulia maisha yake, wanapiga makofi, gari linaondoka. Viwango vya kimataifa vya kinga vilivyotolewa upya mwaka 2018 na Umoja wa Mataifa pamoja na Shirika la Afya Duniani vinasema waziwazi kuwa vitisho na shuhuda za namna hiyo havizuii matumizi. Kinachosaidia ni kazi ya taratibu: wazazi kufundishwa malezi, walimu kufundishwa kuendesha darasa, watoto kufanya mazoezi ya kukataa na kudhibiti hasira, kipindi baada ya kipindi. Hiyo nayo inataka watu waliosomea.

Mitaala ipo. Kuna mitaala ya kimataifa ya tiba na ya kinga, kuna mitihani ya kuthibitisha wataalamu, na tangu 2015 kuna jumuiya ya kimataifa ya wanataaluma hawa yenye matawi katika nchi kadhaa za Afrika. Wenzangu wamesoma wakafaulu. Halafu wakarudi kazini wakakuta kwenye muundo wa utumishi hakuna cheo kinachoitwa mshauri wa uraibu. Muuguzi aliyeiva kwenye methadoni anahamishiwa wodi ya wazazi kwa barua ya mstari mmoja. Waelimisha rika, wale wanaoingia maskani alfajiri na kumjua kila mtu kwa jina la utani, wanaishi kwa posho za miradi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake kwa siku 90, posho hizo zilikatika na vituo vikafungwa. Waliokuwa wamezoea kuvitegemea hawakuacha kujidunga eti kwa sababu mfadhili ameondoka.

Ndiyo maana naomba taaluma hii iingizwe kwenye miundo ya utumishi wa umma ya nchi wanachama, ikiwa na ngazi na mshahara, na waelimisha rika wakiwemo ndani yake. Naomba pia cheti cha Lusaka kitambulike Kampala. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeshafanya hivyo kwa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Anayetibu ng'ombe anavuka mpaka na taaluma yake. Anayemtibu mraibu havuki. Mafunzo yatolewe kwa lugha ambazo mhudumu atazitumia na mgonjwa: Kiswahili, Kihausa, Kiamhara, Kiwolofu na nyinginezo. Fedha zitoke kwenye bajeti zetu. Wakuu wa nchi waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 kwa afya, na ahadi hiyo haijafutwa.

Na kila nchi, inapowasilisha taarifa yake kwenu, itaje imeajiri wahudumu wangapi wa uraibu. Tumechoka kusoma kilo zilizokamatwa peke yake.

Rasimu ya mpango mpya iwekwe hadharani, kwa Kiswahili pia, kabla mawaziri hawajaipitisha. Tutaisoma kliniki, pamoja na wateja wetu, na tutakuletea maoni kwa maandishi.

Wako mtiifu,

Afisa ustawi wa jamii,
Dar es Salaam