Tope la Bwawa la Mindu ni suala la usalama pia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu Bwawa la Mindu, ambalo ndilo tegemeo kubwa la maji kwa sisi wakazi wa Manispaa ya Morogoro. Kila mgao wa maji unapoanza, mjadala hurudi palepale: bwawa limejaa tope, kina kimepungua, maji hayatoshi. Hayo ni kweli, na wahusika wenyewe wamekiri mara nyingi. Lakini tunazungumza kana kwamba hasara ya tope inaishia kwenye ndoo zisizo na maji, ilhali tope hilohilo linagusa uimara wa bwawa na usalama wa watu wanaoishi chini yake, na upande huo sijausikia ukielezwa kwa wananchi ipasavyo.

Mindu limekuwa likitumika tangu miaka ya 1980, na lilijengwa kuhifadhi takriban mita za ujazo milioni 20. Linapokea Mto Ngerengere na vijito vingine vinavyoshuka kutoka milima ya Uluguru, upande wa Mlali na Mzumbe. Anayepita barabara ya Iringa wakati wa masika huyaona maji yakiwa na rangi ya udongo wa mashambani. Akipita tena kiangazi, hukuta bustani za mboga zimesogea hadi yalipoishia maji, na ng'ombe wananyweshwa papo hapo. Udongo unaoingia bwawani hutua chini pale maji yanapotulia, na mwaka hadi mwaka hujiongezea tabaka.

Bwawa la aina hii huwa na lango la chini la kutolea maji, ambalo siku za kawaida watu wengi hata hawajui kama lipo. Umuhimu wake huonekana siku ya dharura, kwa sababu tuta, yaani ukuta wa udongo unaozuia maji, likionekana kuwa na hitilafu, jambo la kwanza ambalo mhandisi angetaka kufanya ni kupunguza maji haraka. Lango likizibwa na tope, njia hiyo imefungwa. Zaidi ya hapo, bwawa lililopoteza nafasi hujaa mapema, hivyo mvua kubwa za Aprili hulikuta limeshafurika na utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji yaliyozidi, ukiwa tayari kazini. Tuta la udongo halivumilii maji kupita juu yake. Yakishaanza kupita, huchimba mgongo wake na kulikata kwa muda mfupi. Sisemi kwamba lango la Mindu limeziba, wala kwamba utoro wake ni mdogo. Ninachosema ni kwamba mkazi wa kawaida hana mahali pa kusoma taarifa ya mambo haya, na wala si siri ya kijeshi.

Suala hili limepata uzito zaidi kwa sababu ya mradi mkubwa wa maji wa Morogoro unaogharamiwa kwa mkopo wa Shirika la Maendeleo la Ufaransa, ambao miongoni mwa kazi zake ni kupandisha tuta la Mindu ili bwawa libebe maji mengi zaidi. Naunga mkono mradi huo, kwani mji umekua na mabomba hayawezi kutoa maji ambayo bwawa halina. Hata hivyo, msukumo wa maji kwenye tuta hauongezeki sawasawa na kina: kina kikiongezeka mara mbili, msukumo wote huongezeka mara nne. Kwa hiyo kila mita inayoongezwa juu inabebeshwa tuta lenye umri wa miongo minne, na wananchi wana haki ya kujua tuta hilo limepimwaje kabla ya kubebeshwa.

Mafundi waliozoea mabwawa ya udongo hutazama mambo ambayo mpita njia hawezi kuyatilia maanani. Hutazama kama kuna mahali nyasi zimebaki mbichi chini ya tuta wakati kila kitu kingine kimekauka. Hutazama maji yanayochuruzika: yakiwa maangavu, hupimwa kiasi chake na kuandikwa, yakianza kutoka na tope, maana yake ni kwamba udongo wa ndani ya tuta unaondolewa kidogo kidogo, na hapo hakuna kusubiri kikao. Hutafuta mashimo ya panya, vichuguu vya mchwa na miti iliyoachwa ikaota mizizi mgongoni. Kazi hii haihitaji mitambo ya kuagiza ng'ambo. Inahitaji mtu mwenye daftari anayelizungukia tuta bila kukosa, pamoja na mkubwa wake ambaye kweli hulisoma daftari hilo.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka vifungu vya usalama wa mabwawa, kwa hiyo hatuombi hisani. Tunaishi pia katika mkoa ambao umeshaonja jambo hili. Wakati wa mafuriko ya Kilosa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Bwawa la Kidete liliharibika, maelfu ya watu walikosa makazi na reli ya kati ilisombwa kati ya Kilosa na Gulwe. Jirani zetu wa Kenya nao walishuhudia bwawa la shamba binafsi likipasuka usiku huko Solai, Nakuru, tarehe 9 Mei 2018, na zaidi ya watu 40 wakapoteza maisha. Hawa walikuwa chini ya bwawa kama tulivyo sisi, kwani Ngerengere ikishatoka Mindu hupita Mazimbu na Kihonda, ambako nyumba zimesogelea mto kwa namna ambayo waliolijenga bwawa hawakuitarajia. Ikitokea hitilafu saa nane za usiku, nani anampigia simu nani? Mwenyekiti wa mtaa anajua watu wakimbilie upande gani? Binafsi sijawahi kuitwa kwenye mkutano wa mtaa uliozungumzia jambo hilo.

Najua jibu la haraka kuhusu tope litakuwa kuwaondoa watu wanaolima upande wa juu wa bwawa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka bwawa au mto, na mpaka huo usimamiwe bila kumwonea haya mwenye shamba kubwa. Lakini tope nyingi haitoki kwenye mita 60. Inatoka mlimani, kwenye mashamba ya mteremko. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko, wakagoma hadi kukatokea ghasia kule Matombo, na mpango ukafa. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, huko Kibungo, kwenye milima hiyohiyo ya Uluguru, mashirika ya CARE na WWF yalisimamia utaratibu ambao wakulima walilipwa kwa kulima kwa njia inayohifadhi udongo, na watumiaji wa maji wa Dar es Salaam wakachangia malipo hayo kupitia shirika lao la maji. Mkulima yuleyule, mlima uleule, lakini safari hii matuta yalichimbwa kwa hiari. Sioni kwa nini sehemu ndogo ya ankara zetu za Morogoro isielekezwe Mlali kwa utaratibu wa namna hiyo.

Ombi langu kwa mamlaka ya maji na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ni kwamba watoe hadharani, kwa Kiswahili, taarifa ya ukaguzi wa mwisho wa tuta, lango na utoro wa maji, pamoja na matokeo ya upimaji wa kina unaoonyesha tope limefika wapi. Nakala zibandikwe kwenye ofisi za kata za mabondeni, na zionyeshe namba ya simu ya mtu wa zamu bwawani. Ingefaa zitoke kabla ya mwezi wa Machi, masika hayajaanza.

Wako,
Mkazi wa Kihonda,
Morogoro